Ukilipia simu kwa vichwa, utalipia hata vichwa visivyopiga simu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na leo ninarudi na mada isiyo na mvuto wowote: ankara ya simu za ofisi. Nivumilieni. Ndani ya ankara hiyo kuna pesa za watu, na kulikuwa na mshahara wa mtu pia.

Mambo yalianza Septemba 2024, shangazi yangu aliponipigia kutoka Mombasa. Ana kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Moi Avenue, wafanyakazi 24. "Baba," akasema (huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la babake), "wewe si ulisomea mambo ya tarakilishi? Hebu njoo uniangalizie hii ankara ya simu. Na kuna mkataba hapa, nikipitisha tarehe unajirudia wenyewe."

Nilipanda treni Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikakaa na makaratasi yake.

Kwa wasiojua: zamani ofisi yenye simu nyingi ilikuwa na kisanduku ukutani, PBX, kilichogawa laini chache za nje kwa ekstensheni nyingi za ndani. Ulikinunua, ukamlipa fundi, mambo yakaisha. Siku hizi kisanduku hicho ni programu tu. Mmarekani Mark Spencer aliandika moja mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa haikuweza kumudu bei ya PBX. Programu hiyo ni Asterisk, ni programu huria, na hadi leo iko chini ya mifumo mingi ya simu unayouziwa kwa majina mengine. Na kwa kuwa ni programu, mtu anaweza kuiweka kwenye seva yake, wewe ukaipanga kama unavyopanga nyumba. Ofisini kwako zinabaki simu za mezani zilizochomekwa kwenye ruta. Mambo yote mengine yako kwa mwenye nyumba.

Sina ubaya na kupanga. Hata mimi ni mpangaji. Ubishi wangu ni juu ya namna kodi inavyohesabiwa.

Shangazi alitozwa dola 12 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Watu 24, dola 288. Mkataba ulianza Januari 2023, miaka miwili. Wakati ule dola ilikuwa karibu shilingi 124, kwa hivyo ni kama shilingi 35,700 kabla ya VAT ya asilimia 16. Kufika Januari 2024 dola ilikuwa imegonga 160. Ankara ileile, watu walewale, ikawa shilingi 46,080. Elfu kumi zaidi kila mwezi na hakuna simu hata moja iliyoongezeka. Baadaye shilingi ilipata nguvu, lakini biashara inayolipwa na wateja wake kwa shilingi haifai kuweka bili ya simu kwenye bahati nasibu ya sarafu. Nilimuuliza kama muuzaji alimweleza hilo. Akacheka tu.

Hata hivyo dola si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni hilo neno "mtumiaji".

Niliomba rekodi za simu. Kila mfumo wa aina hii huandika kila simu: imeanza saa ngapi, imepokelewa saa ngapi, imekatwa lini, ekstensheni gani, nambari gani. Unaweza kuzipakua kama faili la CSV, ingawa kwa shangazi kitufe chenyewe kilikuwa kimefichwa ndani ya menyu tatu. Nilichukua rekodi za miezi mitatu nikaandika skripti fupi. Wazo lake ni rahisi mno: kila simu inapoanza unaongeza moja, inapokatwa unaondoa moja, unapanga matukio yote kwa saa na unafuata jumla inavyopanda na kushuka. Kilele cha jumla hiyo ndiyo idadi kubwa zaidi ya simu zilizowahi kuwa hewani kwa wakati mmoja.

Kilele kilikuwa sita. Tena mara moja tu, Jumatatu moja asubuhi. Siku nyingi hakikupita nne.

Watu 24 wanalipiwa, na ofisi nzima haijawahi kuzungumza kwa zaidi ya midomo sita. Nikaangalia ekstensheni moja moja. Tisa hazikuwahi kuunganishwa hata siku moja. Hao ni vijana wanaoshinda bandarini na kwenye maghala, kazi yao yote wanaifanya kwa rununu zao. Wanne wengine walikuwa wamepiga chini ya simu kumi kwa miezi mitatu. Waliobaki, kumi na mmoja, ndio watumiaji wa kweli. Sasa piga hesabu ya wale tisa peke yao: dola 12, mara 9, mara miezi 24, ni dola 2,592. Kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni karibu shilingi 337,000, na VAT sijaweka.

Muuzaji anapenda kuhesabu vichwa kwa sababu vichwa ni rahisi kuhesabu na huongezeka kila biashara inapokua. Mzigo halisi wa mfumo wa simu hauko hapo. Uko kwenye idadi ya simu zinazokutana kwa wakati mmoja, na jambo hili lilijulikana kabla babu zetu hawajaona simu. Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha fomula yake mwaka 1917. Unaipa fomula hiyo wingi wa maongezi katika saa yenye shughuli nyingi, nayo inakwambia unahitaji laini ngapi ili wachache tu wakute laini zote zina watu.

Tujaribu kwa shangazi. Saa yake yenye shughuli ina simu kama 40, wastani dakika tatu. Hizo ni dakika 120 za maongezi ndani ya dakika 60, yaani "erlang 2" kwa lugha ya wahandisi. Ukiwa na laini sita, simu kama 12 kati ya 1,000 zitakosa nafasi. Ukiwa na saba, ni tatu au nne tu. Kwa hivyo laini saba, tumalize maneno.

Mimi hapo ndipo nilipotabasamu mwenyewe kama mwendawazimu: kampuni yake ikikua na simu zikawa maradufu, erlang 4, hahitaji laini 14. Laini kumi zinamtosha, na bado ni chini ya simu moja kati ya 100 itakayokosa nafasi. Kadiri unavyokua, kila laini inafanya kazi zaidi. Unafuu huo ni wa hesabu, si wa mtu, lakini ukilipa kwa kichwa unaubeba muuzaji mwenyewe. Vichwa vikiwa maradufu, bili inakuwa maradufu.

Na wapo wanaouza kwa njia nyingine. Leseni za 3CX, kwa mfano, zimejulikana kwa miaka mingi kwa kuhesabu simu za wakati mmoja badala ya ekstensheni. Kwa hivyo mtu asikwambie haiwezekani.

Turudi kwenye ankara, chini ya ule mstari wa watumiaji. Kulikuwa na dakika. Wengi hudhani dola 12 inajumuisha kupiga simu. Hapana, ilijumuisha kupigiana wao kwa wao. Kwenda nje ilikuwa shilingi nne kwa dakika. Na dakika hiyo ilikuwa nzima: ukizungumza sekunde 65 umezungumza dakika mbili. Nilipozijumlisha upya sekunde za mwezi mmoja nilipata dakika 3,020 za maongezi ya kweli. Zilizotozwa ni 4,100. Shilingi 4,320 zimekwenda kwa kukadiria juu. Rununu yako ya mfukoni inahesabu kwa sekunde, na wewe binafsi usingekubali vinginevyo, lakini kampuni inakubali kwa sababu hakuna anayesoma.

Hiyo shilingi nne nayo inatoka wapi? Mtandao mmoja ukipeleka simu kwenye mtandao mwingine, hulipa ada ya kuunganishwa inayowekwa na mamlaka ya mawasiliano. Mwaka 2010 ada hiyo ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Ikaendelea kushuka mpaka senti 99. Agosti 2022 ikawa senti 58. Machi 2024 senti 41. Siwezi kusema gharama ya muuzaji ni senti 41, kwani ana seva, ana watu, na kuna ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu ambao mwaka 2021 ulipandishwa hadi asilimia 20 kabla ya kurudishwa 15 mwaka 2023. Ninachosema ni kwamba ada ilishuka mara moja ndani ya mkataba wa shangazi, na bei yake haikusogea hata senti. Mkataba ulikuwa na kifungu cha kupandisha bei. Cha kushusha hakikuwepo.

Sasa intaneti. Muuzaji alimwambia anahitaji kifurushi kikubwa zaidi, naye akakinunua. Hakukihitaji. Simu moja kwa kodeki ya kawaida, G.711, inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vifungashio vya pakiti. Simu sita ni kama kilobiti 520. Video moja ya YouTube ya kijana wa mapokezi wa ofisi ya jirani inakula zaidi ya hapo. Sauti haihitaji bomba pana, inahitaji bomba tulivu: pakiti zifike kwa mpangilio na zisichelewe. Ruta iliyopangwa kutanguliza sauti na UPS ya kushikilia ruta stima zikipotea vingemfaa zaidi kuliko megabiti.

Na kuchelewa kwenyewe! Niliipigia ping seva yake nikaona milisekunde 150 na zaidi, kwenda na kurudi. Iko Ulaya. Kwa simu za kawaida si balaa, kwani shirika la ITU linapendekeza milisekunde 150 kwa upande mmoja na zake zilikuwa ndani ya hapo. Lakini fikiria hili: shangazi akimpigia karani wa chumba cha pili, ishara inatoka Moi Avenue, inaingia baharini, inakwenda Ulaya, inageuka, inarudi baharini, inaingia Moi Avenue. Wametenganishwa na ukuta wa mbao.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa ya kuombea dua. Kwenye CSV ya shangazi Jumatatu ile, tarehe 13, inaonekana kama siku ya Idi. Mistari michache, kila simu ni sekunde kumi, kumi na mbili, imekatika. Hata ya chumba cha pili haikupita. SEACOM inaingilia nchini hapo hapo Mombasa, tangu 2009. Waliokuwa karibu zaidi na waya ndio walioshindwa kuitana kupitia ukutani.

Najua kuna msomaji anayesema: si umwekee tu Asterisk bure? Nilifikiria hilo, na ni haki niseme kwa nini sikufanya. Mwaka 2019, nikiwa kwenye mafunzo ya kazi, niliweka Asterisk kwa kampuni ndogo hapa Nairobi. Nikatengeneza ekstensheni ya majaribio, 100, neno la siri 100, nikaacha mlango 5060 wazi kwa dunia nzima na nikaenda nyumbani Ijumaa. Jumatatu salio lote la laini ya nje lilikuwa limekwisha, shilingi elfu kumi na nane, simu zote zimekwenda kwenye visiwa ambavyo nilibidi kuvitafuta kwenye ramani. Kilichotuokoa ni kwamba laini ilikuwa ya kulipia kabla. Ingekuwa ya kulipa baadaye sijui ningekuwa ninaandika nini leo. Programu ni bure, ila mtu wa kuamka saa nane za usiku si bure, na mtu huyo angekuwa mimi, kilomita karibu 500 kutoka Mombasa.

(Nilipokumbuka hayo nilirudi kwenye mkataba wa shangazi kuangalia nani analipa wezi wakiingia. Mteja. Bila kikomo. Angalia na wako.)

Nimeacha jambo moja kwa makusudi, maana ndilo lililonifanya niandike.

Muuzaji alipokuja mwaka 2022 alikuja na jedwali la Excel. Upande mmoja gharama, upande mwingine akiba. Kwenye akiba, mstari mkubwa kuliko yote haukuwa wa simu. Ulikuwa mshahara wa mapokezi. Mashine ingepokea simu, ingesalimia kwa Kiingereza, ingesema bonyeza moja kwa hiki, mbili kwa kile. Bila mstari huo mfumo ulikuwa ghali kuliko laini za zamani. Ukiuweka, unajilipia wenyewe. Dada wa mapokezi alikuwa pale tangu nikiwa shule ya msingi. Januari 2023 akahamishiwa kwenye mafaili, nusu siku, nusu mshahara. Shangazi hakuniambia hilo kwenye simu. Nilimkuta dada mwenyewe Jumamosi ile akipanga mafaili, akanisalimu kwa jina.

Basi nikaihesabu mashine iliyochukua kiti chake. Mwezi mmoja, simu zilizoingia 1,140. Zilizokatwa ndani ya menyu, kabla ya kumfikia binadamu yeyote: 312. Nikatazama nambari zinazojirudia humo. Shangazi akavaa miwani, akawa ananitajia mmoja mmoja: huyu ni dereva wa lori la Kampala, huyu ni dereva, huyu ni mteja wa Busia, huyu ni dereva. Mtu amezuiwa Malaba kwa karatasi moja, salio lake lina shilingi 15, anapiga ofisini aulizwe maswali na mashine. Tangu mashine inapoitika, yeye ndiye anayelipa. Gharama hiyo haimo kwenye jedwali la Excel kwa sababu si ya kampuni, ni ya dereva, mpaka siku dereva atakapomwambia mwenye mzigo atafute wakala mwingine. Zamani dada alikuwa akiitambua sauti, anasema "nimekuona, kata nikupigie."

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kuhusu tarehe.

Ilani ya kutoendelea na mkataba ilitakiwa siku 90 kabla ya mwisho. Tuliituma wiki ileile, kwa barua pepe na kwa barua ya karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Alihamia kwa kampuni ya hapa nchini yenye seva Nairobi, inayotoza kwa shilingi na kwa laini: laini nane, ekstensheni kadiri apendavyo, dakika zinahesabiwa kwa sekunde, na kikomo cha matumizi kwa siku ambacho tulikiandika ndani ya mkataba wenyewe. Bado ni ya kupanga. Mezani wana simu 12. Vijana wa bandarini wanatumia rununu kama walivyokuwa wakitumia siku zote. Dada yuko mapokezi siku nzima tangu Januari 2025, na menyu hucheza usiku peke yake, kwa Kiswahili.

Kilichotushinda ni nambari. Ile ya 041 iliyoandikwa kwenye malori, kwenye barua, kwenye kalenda za miaka kumi na moja, ilikuwa imehamishwa wakati wa kuunganisha mfumo na ikasajiliwa kwa jina la muuzaji, si la shangazi. Iko kwenye ukurasa wa tisa wa mkataba, kwa maandishi madogo, na ana sahihi yake chini. Kuhama na nambari kulikoanza Kenya mwaka 2011 kulikuwa kwa simu za mkononi. Tumeandika barua mbili. Kwa sasa amebaki na mtumiaji mmoja kwa kampuni ile ya zamani, dola 12 kila mwezi, ili simu za nambari hiyo zielekezwe kwenye laini mpya. Kwenye ankara ameandikwa "mtumiaji 1". Hakuna mtu.